Merikebu 12 zilizobaki nyuma

Pale mwaloni Kirumba, mitumbwi ya dagaa inaporudi alfajiri, nahodha hasifiwi kwa kifua chake bali kwa kuujua upepo. Kwa kipimo hicho namweka Yi Sun-sin wa Korea juu ya maamiri wengi wanaotajwa zaidi yake.

Mwaka 1597, Korea ikiwa vitani na Japani, alikuwa amevuliwa cheo, akafungwa na kuteswa, na aliyechukua nafasi yake akapoteza karibu meli zote za kivita za Korea katika vita vya Chilcheollyang. Yi aliporudishwa, mfalme alitaka jeshi la majini livunjwe na askari wapigane nchi kavu, naye akajibu kwamba merikebu 12 bado zipo. Ikaongezeka moja, na kwa hizo 13 akawakabili Wajapani wenye merikebu zisizopungua 120 katika mlangobahari wa Myeongnyang, tarehe 26 Oktoba 1597.

Wasimulizi wengi hukomea kwenye hesabu hiyo, jambo ambalo naliona ni uvivu. Mlango ule ni mwembamba, kwa hiyo wingi wa adui haukuweza kuingia kwa pamoja, na mkondo wake mkali hugeuka maji yanapojaa na kupwa. (Sisi wa Ziwa Victoria, ambao maji yetu hayapwi, huenda tungeuita muujiza.) Ulipogeuka, merikebu za Wajapani zilisukumwa nyuma na kugongana.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na muda mgumu zaidi, ambao kwangu ndio kiini cha vita vile: Yi alikuwa mbele na merikebu yake peke yake, na zile 12 zimebaki nyuma kwa hofu. Akapandisha bendera ya kuziita. Nahodha An Wi alipokaribia, Yi alimfokea akimuuliza kama anataka kufa kwa sheria ya kijeshi, na kama akikimbia ataishi wapi. Wakubwa wengi wangeweza kufoka hivyo. Hata hivyo, An Wi alipojitosa na kuzingirwa, Yi aliigeuza merikebu yake akaenda kumwokoa, na mwenye haki ya kumfokea mtu ni yule atakayemfuata hatarini.

Wajapani walipoteza merikebu zipatazo 30. Yi hakupoteza hata moja. Usiku ule aliandika katika shajara yake kwamba ilikuwa bahati kutoka mbinguni, na hapo tu ndipo ninapopingana naye.