Kochi Limekwama Ukumbini

Asubuhi ya leo kijana mmoja mwenye kamera shingoni alisimama mbele ya baraza yetu hapa Kariakoo, akaitazama nyumba kuanzia mabati hadi msingi, akashusha pumzi kama mtu aliyemaliza pilau, kisha akaniambia kwamba nimebahatika kuishi katika nyumba ya kihistoria yenye utulivu wa kifamilia. Nilimshukuru, kwa kuwa nililelewa. Lakini naomba ieleweke kwamba wakati ananipongeza nilikuwa nimejifunga kanga ya mke wangu, nimekaa kwenye baraza nililolalia usiku kucha, huku suruali yangu ya kazini ikiwa ndani ya nyumba nisiyoweza kuingia.

Sababu ni kochi.

Nyumba yenyewe aliijenga babu kabla ya uhuru, na ni nyumba ya Kiswahili kamili: vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, ukumbi katikati, na uani nyuma kwenye jiko na choo. Kuta ni za fito na udongo, boriti ni za mikoko, na zote zilikuwa hapa kabla baba yangu hajaota meno. Watu wanaposikia nyumba ya kale huwa wanafikiria mawe ya matumbawe, kama yale ya Boma la Kale kule bandarini, lililojengwa enzi za Sultan Majid katika miaka ya 1860. Sisi hatukuwa na sultani. Tulikuwa na babu, mshahara wa babu, na udongo.

Mke wangu hakuomba makubwa. Alisema anataka chumba chetu cha mbele kiwe sebule ndogo ambayo watoto watafanyia kazi za shule na mgeni ataketi bila kuona kitanda. Nilikubali kwa moyo mmoja. Tulipaka rangi, na rangi ikabanduka pamoja na ukuta. Nilipigilia msumari ili nitundike saa, na kipande cha udongo chenye ukubwa wa mkate kikadondoka, nikaonana uso kwa uso na fito alizozifunga babu kwa mikono yake, na nakiri kwamba niliona aibu kama niliyemchungulia mzee akioga. Saa tumeiweka juu ya friji. Kuhusu luku tunayochangia vyumba sita, na kuhusu maji ya viyoyozi vya ghorofa la jirani yanayodondoka usiku kucha juu ya bati letu, sisemi kitu, maana kila mtu ana yake.

Turudi kwenye kochi. Mke wangu alilichagua mwenyewe kule Keko, la rangi ya maziwa, lenye umbo la herufi L, na fundi akatuapia kwamba linatenganishwa vipande viwili. Juzi lilikuwa linatenganishwa. Jana jioni lilipofika juu ya kirikuu, likiwa limefungwa kamba kama mbuzi wa Idi, tuligundua kwamba fundi, kwa mapenzi yake ya kazi, alikwisha kuliunganisha kwa misumari, gundi na kitambaa kimoja kisicho na mshono. Kwenye simu alieleza kwamba hivyo ndivyo linavyokuwa imara, na katika hilo hakudanganya hata kidogo.

Ukumbi wetu una upana wa mita moja na nusu. Niliupima mwenyewe, lakini baada ya kulipa.

Tulilisimamisha wima likapita mlango wa mbele, na hapo ndipo majivuno yalipotuponza, kwa sababu barazani walikwisha kukusanyika wanaume wasiopungua kumi na wawili, ambao hakuna aliyewaita na kila mmoja wao alikuwa ameshawahi kupitisha kochi. Mmoja alisema liinuliwe, mwingine akasema lilazwe. Wa tatu, muuza kahawa, aliweka birika chini, akafumba jicho moja, akatamka kwamba hapa panahitajika hesabu, kisha akaokota birika lake akaondoka. Msukuma mkokoteni aliyekuwa akipita aliingia kusaidia bila kuuliza bei, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi mapema. Nikasema, "Kulia!" Yeye akauliza, "Kulia kwako au kwangu?" Tulikuwa tumekabiliana, kila mmoja akasukuma kulia kwake kwa nguvu zote, na kochi likajizungusha lenyewe, mguu wa L ukapenya mlango wa chumba chetu, mgongo ukagota kwenye boriti, na kichwa kikajikita kwenye ukuta wa mkabala. Kikasikika kishindo kidogo, kama cha kabati likifungwa. Tangu hapo halijasogea hata kwa kidole.

Wanasema jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtaa mzima wenye jina la wapagazi, na jana hakupatikana hata mmoja.

Suruali ilichanika wakati wa msukumo wa mwisho, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasukuma kutoka nyuma, nikabaki upande wa barabarani. Wengine wote walibaki ndani. Zamani uani kulikuwa na mlango wa kutokea uchochoroni, lakini uchochoro ulimezwa na ghorofa, kwa hiyo njia iliyobaki ni kutambaa chini ya kochi, na mimi sipiti. Mpangaji wa chumba cha tatu, ambaye ni mlinzi wa usiku, alitambaa na sare yake iliyopigwa pasi, akasimama barazani, akajipangusa magoti, akanipigia saluti bila kusema neno. Mama wa maandazi amepitisha biashara yake yote dirishani, andazi moja moja, kati ya nondo. Watoto wangu wametambaa mara arobaini bila safari yoyote.

Njia ya kujinasua ipo, na kila mtu anaijua: ing'olewe fremu ya mlango wa chumba. Lakini ukiing'oa fremu, ukuta utaifuata, na zaidi ya hapo mlango huo una mwenyewe. Shangazi yangu, anayeishi chumba cha nyuma, alikuja akasimama upande wa pili wa kochi na fimbo yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huo mlango alinunua baba yangu. Atakayeugusa tutaonana kwenye kikao."

Kikao! Hapo ndipo ninapochoka, ninachoka kweli, wala si kwa mzaha. Nyumba hii ni ya mirathi. Nikitaka kubadili bati moja, lazima nimpigie ami aliyeko Tanga, ami wengine wawili wa Temeke ambao hawasalimiani, na binamu asiyepokea simu mpaka asikie kwamba dalali amekuja na bei mpya. Kuvuja kwangu hakuna kikao, lakini kuziba kuna kikao. Paa likianguka litaniangukia mimi na watoto wangu, halafu wote watakuja na nguo za msiba na kuuliza nani aliruhusu lianguke. Nimeishi humu miaka arobaini na mbili, na sina mamlaka juu ya mlango wa chumba ninacholala! Na joto hili nalo. Babu aliupitisha ukumbi katikati ili upepo uingie mbele na kutokea uani. Maghorofa yakaja yakauzuia nusu, na nusu iliyobaki nimeiziba mimi, kwa kochi, kwa shilingi laki nane na nusu.

Yule kijana wa kamera alinisikiliza mpaka mwisho. Akaomba ruhusa ya kulipiga picha kochi. Nilimruhusu, kwa sharti kwamba kanga isionekane.

Tangu alfajiri fundi amekuwa njiani na msumeno. Saa tatu alisema amekaribia. Sasa hivi amepiga kuniarifu kwamba amefika Tazara, nami niliyezaliwa mji huu nimebaki nimeshika simu, nikijaribu kufikiria ni mtu wa namna gani anayetoka Keko kwenda Kariakoo akapitia Tazara. Mke wangu ananiita dirishani, ameniandalia chai. Kikombe hakipiti kati ya nondo mpaka kiinamishwe, kwa hiyo ameniuliza kwa upole nimwagiwe upande upi, nami nikamjibu, "Kulia," na yeye akauliza, "Kulia kwako au kwangu?"