Bunduki ya Babu na Bei Yake

Alipofariki babu yetu kule Wete, hakuna aliyebishana juu ya mali aliyoiacha: shamba la mikarafuu, nyumba, ng'ombe wawili, na bunduki ya kasiba mbili, yaani mitutu miwili, aliyoitumia miaka mingi kuwafukuza tumbili na nguruwe mwitu. Maneno yalianza pale ilipobidi kila kitu kitiwe bei ili warithi wagawane. Ami, kaka yake baba, alisema bunduki ile ni ya Kiingereza na ya zamani sana, na kwamba yuko tayari kuichukua yeye kwa thamani ya ng'ombe mmoja, ikatwe katika fungu lake. Shangazi zangu wakaona anataka kuwapunja. Mimi niliona bei hiyo ni kubwa mno, na bado naona hivyo, kwa sababu naamini kuwa bei ya bunduki kuukuu na usalama wake ni swali moja, na anayelijibu nusu ya kwanza bila ya pili anajidanganya.

Suala la karatasi halina mjadala mrefu. Leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba, na silaha ya marehemu hupelekwa kituo cha polisi kabla ya mtu kuanza kuipigia hesabu. Mrithi anayeitaka huomba leseni yake mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyofanya, na hapo kituoni ndipo tulipoikagua, mimi na Ami, mbele ya askari wa ghala na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ufundi wa bunduki.

Mzee yule hakuanza na nakshi za maua zilizochorwa ubavuni, ambazo Ami alikuwa akituonesha kwa kidole. Aliifungua kwanza, akahakikisha haina risasi, akazitoa kasiba kwenye kitako na kuzielekeza dirishani. Kasiba ya kulia ilikuwa na ukungu tu. Ya kushoto, vidole vitatu mbele ya chemba ya risasi, ilikuwa na vishimo vilivyosongamana kama uso wa mkate wa kumimina. Kisha akazining'iniza kwa uzi na kuzigonga kwa ukucha: kasiba nzima hulia kama kengele, lakini hizi zilitoa sauti ya sufuria yenye ufa, dalili kwamba utepe wa chuma unaoziunganisha umeachia mahali fulani. Mwisho akairudisha bunduki pamoja, akaifunga na kuitikisa. Ilicheza kwenye bawaba kama jino bovu.

Chanzo cha vishimo vile nilikijua bila kuambiwa. Babu alikuwa akijaza mwenyewe maganda yake kwa baruti nyeusi, na masizi ya baruti hiyo huvuta unyevu, sembuse katika kisiwa chenye hewa ya chumvi kama chetu. Akirudi shamba amechoka huivingirisha bunduki kitambaani na kuitia kabatini, na akikumbuka kuipaka mafuta, basi ni ya nazi. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele na wali. Kwenye chuma huchacha.

Uingereza nayo ilitutoka siku hiyo hiyo. Kweli, juu ya utepe kulikuwa na jina la Kiingereza, lakini jina huandikwa na yeyote, ilhali mihuri ya chini ya kasiba hupigwa na nyumba ya majaribio baada ya kila kasiba kufyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Bunduki ya Birmingham au London hubeba mihuri ya miji hiyo. Yetu ilikuwa na herufi ELG ndani ya duara refu, yaani Liège, Ubelgiji, mji uliotengeneza bunduki rahisi kwa wingi na kuuza nyingi kwa majina yaliyofanana na ya Waingereza. Muhuri wa simba na herufi PV, ambao Liège huupiga kwenye bunduki iliyojaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyotoa moshi, haukuwepo. Na ile michirizi ya mawimbi ambayo Ami aliiona urembo ilikuwa alama ya kasiba za Dameski, zilizosukwa kwa vipande vyembamba vya chuma na feleji na kuunganishwa kwa moto. Zipo kasiba za namna hiyo zilizofaulu majaribio ya baruti ya kisasa. Za babu hazikuwa na ushahidi huo.

Ami akatoa hoja ambayo nadhani ndiyo inayoua watu: "Baba kaipiga miaka arobaini, mbona haikumdhuru?" Haikumdhuru kwa baruti nyeusi, Ami, kwa kipimo alichokipima kwa mkono wake. Risasi ya dukani leo ni kitu kingine. Bunduki nyingi za zamani za kipimo cha 12, yaani kasiba ya milimita 18.5 hivi, ambayo goroli kumi na mbili za madini ya risasi zinazoienea zina uzito wa ratili moja, zilichongwa chemba ya milimita 65. Risasi za sasa ni za milimita 70 au 76. Ubaya ni kwamba ya 70 huingia bila kukataa na bunduki hufungika vizuri, kwa kuwa urefu huo hupimwa ganda likiwa limefunguka mdomo. Linapofyatuliwa, mdomo hukosa nafasi ya kufunguka, na nguvu ya baruti hupanda ndani ya kasiba iliyokwisha kuliwa na kutu.

Hatari nyingine haihitaji hata kutu. Risasi ya kipimo cha 20, ambayo ni nyembamba kuliko ya 12, ikitiwa kwenye bunduki ya 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba, mahali ambapo jicho halioni kitu. Mpigaji hudhani hakutia risasi, anatia ya 12 nyuma yake, anafyatua, na kasiba hupasuka pale pale inapokaa mkono wake wa kushoto. Kwa sababu hiyo viwanda vingi huzitia risasi za 20 rangi ya manjano.

Sisemi kila bunduki kongwe ni takataka. Yenye kasiba safi, bawaba iliyokaza na mihuri inayosomeka inastahili bei nzuri, na ningeitetea. Ya babu niliomba iandikwe sifuri katika orodha ya mirathi, na Ami apewe fungu lake kamili. Hakunijibu. Askari alikuwa amefungua kopo la maziwa ambalo babu aliwekea risasi zake, anazihesabu mezani kabla ya kuandika: nyekundu kumi na moja, za manjano mbili.