Mchaichai una saa yake

Mvua za masika ziliposhika kasi, nilikwenda Kariakoo kununua mafuta ya mchaichai. Nilipata chupa ya mililita 30, nyeusi, ina karatasi yenye picha ya jani na neno ASILIA kwa herufi kubwa. Haikuandikwa kitu kingine chochote.

"Dada, jipake jioni, mbu hakugusi mpaka asubuhi," aliniambia kijana aliyekuwa anauza.

"Na mtoto mdogo je?"

"Hata wa siku moja unampaka tu. Hii si kemikali."

Majibu hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike. Yote mawili si kweli, na nayasikia kila wiki kutoka kwa watu wema wasio na nia ya kumdanganya mtu: sokoni, saluni, kwenye magrupu ya WhatsApp ya akina mama.

Mimi nayapenda mafuta haya na sina mpango wa kuyaacha. Nimelelewa na bibi yangu Kisarawe, na kila magharibi alikuwa akifukiza. Alitandaza makumbi ya nazi kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, moto ukishika anaweka juu yake majani mabichi ya kivumbasi. Moshi ulikuwa mzito, unawasha macho, nasi wajukuu tuligombania kukaa upande usiofikiwa na moshi. Lakini kigae kikipoa, bibi hakutuacha uani hata dakika tano. "Haya, ndani, chandaruani." Alijua moshi wake una mwisho. Muuzaji wa Kariakoo hajui, au hajaambiwa, kwamba chupa yake nayo ina mwisho.

Niliamua kuupima mwenyewe, kibarazani kwangu Tabata, nyuma ya nyumba ambako mtaro haukauki. Saa kumi na mbili na nusu jioni nilipaka mguu wa kulia mafuta ya mchaichai niliyoyazimua kwenye mafuta ya nazi, wa kushoto nikapaka mafuta ya nazi matupu. Feni nilizima. Mguu wa kushoto ulianza kuumwa kabla sijamaliza kikombe cha chai. Wa kulia, mbu walikuwa wanakuja hadi karibu na kifundo, wananing'inia hewani kama waliosahau njia, kisha wanaondoka. Nilifurahi kwa kweli. Ilipofika saa moja na dakika kumi, wa kwanza akatua. Saa moja na nusu miguu yote miwili ilikuwa sawa. Nikainama kunusa: mchaichai bado unanukia vizuri kabisa. Pua yangu ilikuwa inaniambia nimekingwa wakati mbu wameshaanza kunywa damu. Nilirudia jioni mbili zaidi, na muda ulikaribiana sana na ule wa kwanza.

Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Mbu hutuwinda kwa pumzi tunayotoa, joto la mwili na harufu ya jasho, naye hunusa kwa vipapasio vyake. Mafuta haya humvuruga kwa sababu yanaruka hewani haraka, na kuruka huko huko ndiko kunakoyaondoa kwenye ngozi. Ongeza joto la Dar na jasho, dakika za amani zinazidi kupungua. Mwaka 2002 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la dawa za mbu za kupaka. Iliyokuwa na DEET, kemikali ya maabara ya kufukuza mbu, karibu asilimia 24 ilikinga kwa wastani wa saa tano. Zile za citronella, ambayo ni ndugu wa mchaichai, hazikumaliza hata dakika 20.

Kuna mmea mmoja ulioshinda mtihani huu: mkaratusi wenye harufu ya limau. Kutoka humo hupatikana kiambato kiitwacho PMD, ambacho CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, hukitaja pamoja na DEET miongoni mwa dawa za kupaka zinazoaminika, ila wanashauri kisitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 3. Tafadhali usichanganye na mafuta ya kawaida ya mkaratusi tunayojifukizia mafua. Hayo ni kitu kingine, na hayakai.

Sasa hili la "hata wa siku moja". Binti yangu alikuwa na miaka minne nilipompaka mafuta ya karafuu miguuni, bila kuzimua, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa karafuu hukaa muda mrefu kuliko mchaichai. Na kweli hukaa. Baada ya dakika kumi alianza kulia. Ngozi ilikuwa nyekundu kuanzia magoti hadi nyayo, imevimba kidogo kwenye mikunjo, na maji peke yake hayakusaidia kwa kuwa mafuta hayatoki kwa maji. Nilimwosha kwa sabuni mara tatu, mikono inanitetemeka. Wekundu ulikaa siku mbili. Mpaka leo akisikia harufu ya karafuu kwenye pilau hurudisha miguu chini ya kiti.

Kosa lilikuwa langu. Kule Pemba, kwenye kiwanda cha Wawi, mafuta hukamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Gunia zima la makonyo huacha mafuta kidogo mno. Ukishika chupa ndogo umeshika mti mwingi, na kile kinachomkera mbu ndicho hicho kinachochoma ngozi ya mtoto. Siku hizi situmii zaidi ya matone 12 kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi, najaribu kwanza sehemu ndogo ndani ya kiwiko na kusubiri siku nzima. Mtoto mchanga simpaki chochote. Namfunika kwa nguo na chandarua. Chupa ya mkaratusi inakaa juu ya kabati, kwa sababu mtoto akinywa hata kijiko kimoja anaweza kupata degedege. Mafuta ya limau au ndimu sipaki mchana kabisa: ngozi yenye mafuta hayo ikipigwa na jua inaungua na kuacha mabaka meusi.

Neno "asilia" linatuponza. Pareto nayo ni ua, linalimwa Mufindi, na sumu yake huua mbu papo hapo. Dawa nyingi zinazowekwa kwenye vyandarua vyetu zilitengenezwa kwa kuiga kemia ya ua hilo. Kwa hiyo yule anayekataa chandarua chenye dawa ili atumie "vitu vya shambani" anakikimbia kitu kilichoanzia shambani.

Kwangu mafuta haya yana kazi pale ambapo chandarua hakifiki. Mbu wa malaria huuma usiku, na kwa huyo sina mjadala na mtu: chandarua. Lakini kidingapopo, homa ya dengue iliyotutesa Dar mwaka 2014 na tena 2019, huletwa na yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Mama anayechoma maandazi barazani saa moja asubuhi hawezi kukaa ndani ya chandarua. Huyo akijipaka mchaichai na kurudia kila nusu saa anapata nafuu. Akiweza kununua dawa yenye DEET au PMD atapata kinga hasa, nami nitamshauri anunue hiyo kwanza.

Na asisahau pipa. Mbu huyo huzaliana kwenye maji yetu safi, yale tunayoyahifadhi kwa kuhofia mgao: mapipa, ndoo, simtanki lisilo na mfuniko, tairi bovu nyuma ya nyumba, kifuu. Mayai yake hugandamana kwenye ukuta wa chombo na hustahimili ukavu kwa miezi, ndiyo maana kumwaga maji tu hakutoshi, lazima usugue. Nilipofunika pipa langu kwa kitambaa cha neti na kulifunga kwa mpira wa baiskeli, mbu wa mchana walipungua kuliko kwa chupa yoyote niliyowahi kununua. Feni nayo inafaa sana, maana mbu ni dhaifu mbele ya upepo, mpaka umeme ukatike.

Wadudu wengine nitawapitia haraka. Sisimizi: futa njia yao kwa maji ya sabuni yenye matone ya mnanaa, wanapotea kwa sababu wanafuata harufu waliyoiacha wenyewe. Fukusi kwenye mchele: karafuu kavu chache ndani ya debe hunisaidia, ilimradi mchele uwe mkavu. Mende huhama kabati moja kwenda jingine tu. Kunguni, usipoteze pesa yako. Chemsha maji, fua kila kitu, anika juani, mwite mtaalamu. Na kama una paka ndani, usiyapulizie mafuta haya chumba kizima, ini lake haliwezi kuyasaga.

Ninachotaka kwenye chupa ni maneno machache: mmea gani, umezimuliwa kiasi gani, asipakwe mtoto wa umri gani, na urudie baada ya dakika ngapi. Nilirudi Kariakoo kumwambia yule kijana. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Dada, nikiandika dakika arobaini nani atanunua?" Mimi ningenunua, tena chupa mbili. Ukimjua mtu hapa mjini anayeuza mafuta yenye maandishi hayo, niandikie hapo chini. Yangu yanakaribia kuisha.