Handaki la tiketi, hoteli ya zulia

Kampala ina mahali pawili ambapo wazee wengine wakipataja hushusha sauti: handaki la Lubiri kule Mengo, na iliyokuwa Nile Mansions, Nakasero. La Lubiri leo unaingia kwa tiketi. Nile Mansions ndiyo hoteli ya Serena tangu 2006.

Lubiri ni kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Mei 1966 jeshi la Rais Obote, likiongozwa na Idi Amin, lililivamia. Kabaka Mutesa II akatorokea Uingereza, alikofia 1969. Askari wakalifanya kambi. Amin alipotwaa nchi likachimbwa handaki la zege la kuwekea silaha, kisha likageuzwa korokoro. Maandishi ya mkaa yangali ukutani.

Nile Mansions ilijengwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa Afrika wa 1975. Baadaye maofisa wa usalama wakahojia na kutesea watu humo.

Wanaoitetea hoteli husema jengo halina kosa, tena linalisha familia nyingi. Ni kweli, mji hauwezi kufungia kila nyumba yenye damu, maana Kampala tungehamia wapi? Lakini mgeni anaweza kulala pale wiki nzima asijue lolote. Wanaolaumu Lubiri nao husema watalii hupiga picha penye vilio vya watu. Lawama hiyo ina uzito, ila mimi naegemea tiketi: handaki lililofungwa halimfundishi mtoto kitu.

Kinachonikera ni jina. Kila mtu huliita handaki la Amin, kana kwamba mateso yaliisha alipokimbia Aprili 1979. Misako ya "panda gari", askari wakizoa watu na kuwaamuru wapande malori, ilikuwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, Obote akiwa amerudi madarakani. Jina hilo moja linawapunguzia wengine mzigo.

Halafu tazama neno lenyewe: panda gari. Ni Kiswahili chetu hiki. Kwa Waganda wengi wa rika hilo, hii ndiyo lugha ya kizuizini na mtutu, na ukimsalimu bibi wa Mengo kwa Kiswahili anaweza kukujibu kwa Kiluganda, uso umekunjamana. Katiba iliporekebishwa 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, kidonda hicho hakikuguswa. Pale mlangoni Lubiri ningeweka kibao kinachoanza na 1966, chenye majina ya tawala zote, na amri za askari ziandikwe kwa Kiswahili kilekile walichozitoa nacho.