Vuta, Achia, na Dumu la Mama Mkwe

Mliokwisha kuiona status ya shemeji, ile yenye moshi na maneno "Kombi la shem limeanza kukaanga vitumbua", naomba mnisikilize na mimi. Video haijadanganya. Ila shemeji kaikata pale panapomfaa. Hamkuonyeshwa kwamba mwenye kamba mkononi ni yeye.

Kombi langu la 1974, lile basi dogo la Volkswagen, mnalijua, nusu yenu mmeshalipanda kwenda harusini. Siku hiyo lilitoka Ujiji kwenda stesheni ya Kigoma, ndani yumo mama mkwe anayerudi Tabora kwa treni, magunia yake ya dagaa, dumu lake la mawese la lita 20, na mwanawe, yaani mtoa video. Kabla hatujafika Mwanga, pedeli ya mafuta ikalala chini, ikagoma kuamka. Injini yenyewe inanguruma vizuri tu, haina habari.

Waya wa aksileta, ule unaounganisha pedeli ya mafuta na injini, umekatika. Kwa msiolijua kombi: injini iko nyuma, mguu wako uko mbele, kwa hiyo waya huo una urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu. Unapita kwenye bomba chini ya sakafu, unapenya kava la feni, ndipo unafika kwenye mkono wa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Mara nyingi hukatikia mwishoni, ama kwenye ndoano ya pedeli, ama kwenye kile kipini cha kabureta kinachoubana kwa skrubu. Kipini hicho kinatakiwa kizunguke chenyewe mkono unapofunguka. Kikishika kutu, kila ukikanyaga waya unakunjwa palepale, nyuzi zinaachia moja moja, na wewe huku unajisifu gari halijawahi kukulaza njiani. Wangu ulikatikia hapo.

Najua kuna fundi anasoma hapa na tayari anatingisha kichwa. Ndiyo, fundi. Unapandisha sailensa, yaani mwendo wa injini wakati hujakanyaga mafuta. Kuna skrubu inaegemea ule mkono wa kabureta, unaikaza kwa bisibisi mpaka injini ingurume kwa nguvu kidogo, unaondoka na gia ya kwanza, unaingiza ya pili, unajiendea taratibu na heshima yako. Nililijua hilo. Lakini mama mkwe alishatazama saa, akatazama barabara, kisha akanitazama mimi. Na shemeji akachomoa mshipi wa kuvulia mfukoni akasema, "Shem, mimi nitakuwa mguu wako."

Mtu amekwambia atakuwa mguu wako mbele ya mama yake, utakataaje?

Sasa hapa pana ufundi kidogo, vumilieni. Mkono wa kabureta ya kombi hufunguka ukivutwa kuelekea mbele ya gari. Ukifunga kamba ukaivuta kutoka nyuma, unazidi kuufunga. Kwa hiyo nilifunga kitanzi cha waya mgumu kwenye kava la feni kiwe kapi, nikaupitisha mshipi humo, nikaurudisha juu kupitia ule mfuniko mdogo ulio kwenye sakafu ya nyuma, juu ya injini. Shemeji akakaa hapo juu, miguu huku na huku ya shimo, mshipi kauzungusha kiganjani. Amri mbili tu: nikisema "vuta", avute. Nikisema "achia", aachie.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo kamba yetu haikutwambia. La kwanza, nailoni inanyumbuka. Unavuta, haitokei kitu, unaongeza, haitokei kitu, halafu kabureta inafunguka yote kwa mpigo. La pili ndilo baya. Ile springi inayorudisha mkono wa kabureta hukaa juu ya waya wenyewe, kati ya kava la feni na mkono. Waya ukichomoka, springi haina pa kukaa. Yangu ilikuwa mfukoni mwa suruali, nimeitunza isipotee. Kwa hiyo shemeji angeweza kuvuta. Kuachia, hata angeachia mpaka kesho, hapakuwa na cha kurudisha mkono. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kingetosha, unafunga kutoka kwenye mkono kurudi upande wa nyuma. Baiskeli zilikuwa zinatupita.

Kipande cha kwanza tulikwenda vizuri ajabu. "Vuta!" Gari linaruka kama mbuzi. "Achia!" Mimi nakanyaga klachi, shemeji anatikisa mshipi mpaka mkono unajirudia wenyewe kwa bahati. Watoto wanakimbia pembeni. Mama mkwe hasemi neno. Amekaa siti ya nyuma kabisa, na kwa kuwa chini kumejaa magunia, dumu liko nyuma yake juu ya sakafu ya injini, jirani na shemeji. Amepitisha mkono juu ya mgongo wa siti, ameshika mpini. Dumu halina kifuniko chake, limezibwa kwa mfuko wa nailoni na gunzi la hindi. Mnaijua hiyo.

Tukafika Mwanga, karibu na soko.

Hapa nitakwenda polepole maana ndipo status ilipokatwa. Mbele yangu kuna mkokoteni wa mihogo. Kulia kuna kijiwe cha bodaboda. Nimepunguza, niko gia ya pili, nasubiri mkokoteni upite. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa ametusikia tangu mbali, akasimama juu ya pikipiki yake akapaza sauti: "VUTAAA!"

Shemeji ana injini iliyo wazi katikati ya miguu yake. Hasikii sauti ni ya nani. Anasikia amri. Akavuta.

Nailoni ikanyumbuka, ikanyumbuka, kisha ikatoa vyote ilivyokuwa imeweka akiba. Kombi likaunguruma sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu nilinunue. Nikakanyaga klachi, injini sasa haina mzigo, ikapanda juu zaidi. Mwenye mkokoteni akaacha mihogo akakimbia. Kijiwe kizima kikadaka wimbo: "Vuta! Vuta! Vuta!" Na shemeji, mtiifu kuliko siku zote nilizomjua, anavuta.

Nikageuka nyuma. Adabu yote niliyojifunza tangu siku ya kupeleka barua ya posa ikanitoka. Nikapiga kelele kwa kifua chote: "ACHIA WEWE! NIMESEMA ACHIA!"

Na macho niliyokutana nayo nilipogeuka ni ya mama mkwe.

Akaachia.

Nililiona dumu likiinama. Halikuwa na haraka. Gunzi likatoka kwanza, likafuata mfuko, kisha mawese yakaanza kumwagika mekundu, mazito, yakipita katikati ya miguu ya shemeji, yakiingia shimoni kwa utulivu mkubwa, moja kwa moja juu ya injini inayochemka. Shaaaaa. Moshi mweupe ukapanda. Harufu ikatangulia sokoni kabla yetu. Shemeji akaruka nje kupitia mlango wa nyuma, mshipi bado umemzunguka kiganja, na kwa kuruka kwake akaivuta kabureta kwa mara ya mwisho. Ndipo nikakumbuka kwamba gari lina swichi. Nikazima.

Kimya. Halafu mama mmoja wa gengeni akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mmeshaweka kitunguu?"

Wewe uliyeandika "si ununue Noah", nimekuona. Endelea.

Yaliyobaki ni mafupi. Hatukuungua. Mkanda wa feni ulikuwa umelowa mafuta, na kwenye injini hii mkanda ukiteleza feni haizunguki na hewa ya kupoza haipo, kwa hiyo tuliufuta kwa majivu na matambara tuliyopewa na wale wale waliotucheka. Kutoka Mwanga kwenda stesheni ni mteremko. Tulishuka kwa gia ya pili bila kuhitaji mafuta hata tone. Mama mkwe treni alilipata. Aliaga kila mtu. Mimi aliniambia, "Mwanangu, siku nyingine uniite mama kwanza, ndipo useme niachie."

Waya mpya umekuja na basi kutoka Dar. Bomba la chini ya sakafu nimelipuliza kwa pampu mpaka likatoa kutu na kiota cha nyigu, waya nimeupaka grisi urefu wote nikiusukuma kutokea mbele. Kipini cha kabureta nimekisugua kwa msasa mpaka kinazunguka kwa kidole. Jirani mmoja kanishauri nipake mawese badala ya grisi. Simwamini tena mtu wa namna hiyo, na zaidi ya hapo mawese huganda asubuhi ya baridi na waya ungenata.

Limebaki jambo moja, ndilo watu hulisahau na kukata waya mpya ndani ya wiki. Mtu anakanyaga pedeli mpaka chini kabisa, mwingine nyuma anaukaza waya mkono wa kabureta ukiwa umefunguka, lakini unaacha milimita moja hivi kabla haujagusa kikomo chake. Usipoiacha, kila ukikanyaga sana, nguvu yote ya mguu inaishia kwenye kile kipini.

Kwa hiyo natafuta mtu wa kukanyaga pedeli kesho jioni. Shem, soda ipo, lakini nimeshampata mtu mwingine.