Baridi ikija, nyumba ya wazee ifungwe?

Majira ya baridi yanapokaribia, nyumba za kulelea wazee huingia kwenye mvutano uleule wa kila mwaka. Wauguzi na mameneja wanajua kwamba mafua makali yakishaingia kwenye korido moja, siku chache tu zinatosha kuyafikisha kwenye kila chumba. Ndugu, na wazee wenyewe, wanauliza ni maisha gani hayo ya kufungiwa chumbani miezi mitatu ili mtu afike salama kwenye majira ya joto. Kila upande unasema unatetea afya. Mimi naona wote wana hoja, ila hoja hizo hazina uzito sawa, na uzito wenyewe unabadilika kulingana na ugonjwa ulioingia.

Nianze na wanaotaka tahadhari, maana hawasukumwi na woga mtupu. Kinga ya mwili huzeeka pamoja na mwenyewe. Chanjo ya mafua humkinga mzee kwa kiwango kidogo kuliko kijana, na ndiyo sababu nchi kadhaa huwapa watu wa miaka 65 na kuendelea chanjo ya dozi kubwa au iliyoongezwa nguvu. Dalili nazo hudanganya. Mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa kali. Utamwona tu amechanganyikiwa, amekataa chakula, au ameanguka njiani kwenda msalani. Mhudumu asiyemfahamu vizuri atasema ni uzee, kumbe ni maambukizi yaliyokwisha piga hatua.

Halafu kuna wale wasioonyesha dalili kabisa. Machi 2020, wakazi wa nyumba moja ya wazee katika jimbo la Washington, Marekani, walipimwa virusi vya korona, na zaidi ya nusu ya waliokutwa navyo hawakuwa na dalili yoyote siku ile ya kipimo. Ukisubiri mtu akohoe ndipo umtenge, umechelewa.

Norovirusi, vile virusi vya kutapika na kuhara vinavyopenda miezi ya baridi, ni balaa la namna nyingine. Chembe chache tu zinatosha kumwangusha mtu. Kitakasa mikono chenye spiriti hakivimudu vizuri. Kinachotakiwa ni sabuni na maji yanayotiririka. Vinakaa kwenye kitasa cha mlango, kwenye reli ya ukutani ambayo kila mzee huishika akitembea, kwenye kitufe cha lifti. Hapa sina ubishi: mtu akitapika kwenye ukumbi wa chakula, ukumbi ufungwe, usafishwe kwa dawa yenye klorini, na waliougua wakae vyumbani hadi saa 48 zipite tangu dalili zao zikome. Kufunga kwa namna hiyo kuna sababu inayojulikana, eneo linalojulikana na mwisho unaojulikana.

Tatizo linaanza pale kufunga kunapokuwa desturi ya msimu. Tangazo linabandikwa mlangoni mwezi wa kumi na mbili, na hakuna anayejua litabanduliwa lini. Bingo inaahirishwa, mazoezi ya kwenye viti yanaahirishwa, kwaya ya watoto inaambiwa isije, na chakula kinaanza kupelekwa vyumbani kwa sinia.

Hilo sinia linastahili kutazamwa kwa karibu. Mzee aliyekuwa akienda ukumbini alitembea na kigari chake cha kutembelea, akapumzika kwenye benchi karibu na lifti, akaendelea. Mara tatu kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa wengi wao hayo ndiyo mazoezi pekee ya siku. Mezani aliketi na mwenzake ambaye vidole vyake bado vina nguvu, akamfungulia kifuniko cha mtindi. Sasa sinia limewekwa kwenye meza ya kitanda, na kifuniko kimemshinda. Anaona haya kubonyeza kengele kwa jambo dogo hivyo, basi mtindi unarudi jikoni kama ulivyokuja. Kwenye fomu inaandikwa "amekula nusu". Maji nayo yanabaki kwenye glasi, maana hisia ya kiu hufifia uzeeni, na hewa iliyokaushwa na mashine za kupasha joto humpunguzia mtu maji bila mwenyewe kujua.

Miguu nayo haingoji. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 mfululizo. Walipoteza takribani kilo moja ya nyama isiyo na mafuta kwenye miguu peke yake. Hao walikuwa wazima na waliinuka wakaenda zao. Kukaa chumbani si sawasawa na kulala kitandani, nakubali, lakini mzee ambaye chumba chake kina kiti kimoja na kitanda kimoja hana tofauti kubwa na mgonjwa aliyelazwa. Ukimfungulia mlango baada ya wiki tatu, anatoka akiwa karibu zaidi na kuanguka na kuvunjika nyonga kuliko alivyokuwa siku unamfungia.

Na hapa ndipo mizani inapopinda. Mzee akifa kwa mafua, kuna jina la ugonjwa, kuna tarehe, kuna taarifa ya kupeleka kwa wakubwa, na pengine kuna wakili. Aliyedhoofika kwa kukaa peke yake ataanguka mwezi wa tatu, na kwenye rekodi itaandikwa "ameanguka". Hakuna atakayeliunganisha anguko hilo na tangazo la mwezi wa kumi na mbili. Simlaumu meneja anayeegemea upande unaohesabika, ila tusijidai kwamba amepima pande zote mbili.

Wanaotetea milango wazi, kwa upande wao, wana takwimu wanayopenda kuirusha: mwaka 2010 uchambuzi uliounganisha tafiti 148, zenye washiriki zaidi ya 300,000, ulionyesha kwamba watu wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki hai, kwa takribani asilimia 50, kuliko wenye mahusiano hafifu. Ni kazi nzito na inaheshimika. Lakini wengi wa waliohusika hawakuwa wakaazi wa nyumba za wazee, na mtu mwenye afya hupata marafiki kwa urahisi kuliko mgonjwa, kwa hiyo kipi kimeleta kipi ni swali halali. Takwimu hiyo inaonyesha kwamba upweke si jambo la kupuuza. Haithibitishi kwamba sherehe moja ya mwisho wa mwaka huokoa maisha.

Tena sherehe zenyewe nina mashaka nazo. Desemba nyumba hizi hujaa wageni: wanafunzi, wafadhili, vikundi vya dini, watu wanaotaka kupiga picha wakiwa wamemshika bibi mkono. Januari wote wamepotea. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Richard Schulz aliwapangia wanafunzi wa chuo kuwatembelea wazee kwenye makao yao. Wale waliojua mgeni atakuja lini, au waliopanga wenyewe ratiba, walionekana wachangamfu na wenye afya bora kuliko waliotembelewa bila mpangilio. Kisha jaribio likaisha na wanafunzi wakaondoka. Walipofuatiliwa baadaye, haohao waliokuwa wamenufaika walikuwa wameporomoka, huku wenzao wakibaki palepale. Lilikuwa kundi dogo, na sitaki kulitwika mzigo lisioweza kuubeba, lakini linanifanya niutazame vibaya mtindo wa kumwaga wageni wote kwenye wiki mbili. Ningekuwa meneja ningewaomba wa Desemba wahamie Februari. Wengine wangekasirika.

Mfano wa kinyume chake upo Deventer, Uholanzi, kwenye nyumba ya wazee iliyowakaribisha wanafunzi wa chuo kuishi humo bila kodi, kwa sharti la kutoa saa 30 kwa mwezi kuwa majirani wema. Mwanafunzi wa namna hiyo yupo hata theluji ikianguka, hata sherehe zikiisha, na akiwa na mafua anajulikana anaishi chumba gani.

Nani hasa huleta ugonjwa? Mjadala wa wageni unapopamba moto, mara nyingi swali hili husahaulika. Mgeni huingia mara moja kwa wiki, akaketi chumba kimoja. Mhudumu huingia kila siku, akaosha, akavisha, akalisha watu kadhaa kabla ya saa nne asubuhi. Uingereza, mwaka 2020, utafiti uliohusisha zaidi ya nyumba 5,000 za wazee ulionyesha kwamba kwenye nyumba zilizowalipa wafanyakazi wanapougua, maambukizi ya korona kwa wakaazi yalikuwa machache kuliko kwenye nyumba zisizowalipa. Na zilizotegemea vibarua wa mara kwa mara zilikuwa na hali mbaya zaidi. Mantiki yake haihitaji daktari. Mhudumu asiyelipwa akiugua atakunywa dawa ya kutuliza kikohozi, atavaa barakoa na kuja kazini. Na anayefanya kazi nyumba mbili ili ajikimu atauhamisha ugonjwa kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Jimbo la British Columbia, Kanada, liliona hilo mapema, likaagiza Machi 2020 kila mhudumu abaki kwenye nyumba moja.

Kumzuia binti wa mzee mlangoni hakugharimu kitu. Kumlipa mhudumu abaki nyumbani siku tano kunagharimu, na lazima upate wa kushika zamu yake. Nikiona nyumba imeanza na hatua ya kwanza kabla hata ya kufikiria ya pili, huwa nashindwa kuiita tahadhari.

Uholanzi ilizifungia nyumba zake za wazee wageni Machi 2020, kisha Mei ikajaribu kwenye nyumba 26 kuruhusu mgeni mmoja maalumu kwa kila mkaazi, kwa masharti. Katika wiki za ufuatiliaji hakuna maambukizi mapya yaliyoripotiwa. Watetezi wa milango wazi huishia hapo. Wangeongeza kwamba ilikuwa Mei, siku zinarefuka na madirisha yanafunguka. Januari dirisha ni ugomvi mwingine: likifunguliwa hewa chafu inatoka na joto pia linatoka, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba zisipungue nyuzi joto 18 wakati wa baridi, tena zaidi ya hapo kwa wazee. Mashine za kuchuja hewa husaidia, kama nyumba inazo na kama kuna anayekumbuka kubadilisha chujio.

Kuhusu mwanga nitapita haraka. Jaribio jingine la Uholanzi, lililochapishwa 2008, liliweka taa kali za takribani luksi 1,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwenye kumbi za nyumba 12, zikiwaka mchana kutwa. Dalili za sonona zilipungua kwa asilimia 19 na akili za wakaazi zilififia polepole kidogo. Ila zingatia taa zilifungwa wapi: ukumbini. Aliyefungiwa chumbani zingemwakia bure.

Hoja ya kumwachia mzee aamue mwenyewe inavutia, na mimi huiunga mkono kwa kiasi. Mtu wa miaka 88 aliyebakiwa na majira machache ana haki ya kusema afadhali nife nimekula mezani na wenzangu. Lakini maambukizi hayaishii kwake. Jirani yake wa chumba anayepumua kwa mtungi wa oksijeni hajakubali hatari hiyo, na mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi hata kuulizwa. Ukimwambia abaki chumbani, baada ya dakika mbili yuko koridoni anauliza chakula kiko wapi. Kwa hiyo ruhusa ya mmoja haiwezi kuwa amri kwa wote. Kinachowezekana ni kuigawa nyumba: meza ndogo za watu walewale wanne kila siku badala ya ukumbi mzima, korido moja ikifungwa bila kuifunga nyingine, na kila agizo la kufunga liandikwe tarehe ya kupitiwa upya.

Tangu Aprili 2024 kanuni za Uingereza zinazitaka nyumba za wazee ziruhusu wageni isipokuwa pawe na sababu ya kipekee. Ni hatua nzuri, na imewasaidia wale wenye mtu wa kuja. Lakini kila nyumba ina wazee ambao mume au mke amekufa, watoto hawapo au wako mbali, na simu yao hailii. Haki ya kutembelewa haiwaletei kitu. Kwao ukumbi wa pamoja ndiyo jamaa yote waliyobaki nayo, kwa hiyo kufunga ukumbi huku mlango wa nje ukiwa wazi kunawaumiza kuliko kufunga mlango wa nje na kuacha ukumbi. Mara nyingi wasimamizi huyafanya mambo haya mawili kuwa agizo moja. Ningependa kila nyumba, kabla ya baridi kuanza, iwe na orodha ya wakaazi wasio na mgeni, na mbele ya kila jina mfanyakazi wa kuketi naye dakika ishirini ukumbi unapofungwa. Hizo dakika zinatoka kwenye ratiba ileile inayokatwakatwa wahudumu wanapougua, na bado sijaona bajeti iliyozitenga.