Profesa akae kwenye usukani hadi lini?

Kampuni ya uhandisi ikizaliwa kwenye maabara ya chuo kikuu, swali la nani aiongoze huwa halikawii kuja, na mara nyingi anayelijibu ni mwenye pesa: profesa arudi darasani, aletwe mtu wa biashara. Jibu hilo silimezi zima zima, ingawa si la kutupwa. Nitaiangalia Boston Dynamics, kampuni ya Marekani inayotengeneza roboti zenye miguu, kwa sababu kila upande wa ubishi huu unaweza kuchota kwake.

Marc Raibert alianza na roboti ya mguu mmoja. Mwaka 1980 alianzisha maabara ya miguu katika chuo cha Carnegie Mellon, akahamia nayo MIT, chuo kingine cha Marekani, mwaka 1986. Kidude chenyewe kilikuwa kikirukaruka muda wote kama mtoto aliyechomwa mwiba, kwa kuwa kikitulia tu kinaanguka. Mwaka 1992 akatoka chuoni na kampuni, akaiongoza hadi 2019. Miaka 27 kwenye kiti kimoja. Kwa kampuni changa hayo ni maisha ya mtu.

Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mlipaji mkubwa alikuwa jeshi la Marekani kupitia shirika lake la utafiti, DARPA. Mwaka 2005 ikatoka BigDog, mnyama wa chuma wa miguu minne, kisha ndugu yake mkubwa LS3, aliyekusudiwa kumbebea askari mzigo wa kilo 180 hivi porini. Watu walishangaa kuiona BigDog ikipigwa teke la ubavuni, ikayumba, ikajikusanya na kuendelea na safari. Lakini ndani ya tumbo la LS3 mlikuwa na injini ya petroli. Aliyewahi kusimama mlangoni pa mashine ya kusaga mahindi anajua ninachosema. Wanajeshi wa majini waliijaribu, na ilipofika mwisho wa 2015 ikajulikana wameiweka kando: adui angeisikia kabla hajaiona.

Hapo ndipo wanaotaka profesa aondoke wanapopata nguvu. Meneja wa mauzo, wanasema, angemuuliza askari mapema kabisa: kelele hii mtaivumilia? Mhandisi hupenda kutatua lile gumu, na mara nyingine lile gumu silo linalomkera mteja. Hoja hii ina uzito. Ila tuwatendee haki wahandisi pia: ule ulikuwa mkataba wa utafiti, na kilicholipiwa kilikuwa kujua kama jambo linawezekana.

Sasa tugeuze. Google iliinunua kampuni Desemba 2013, na kufika 2016 zikavuja habari kwamba inaitafutia mnunuzi, kwa kuwa haikuona bidhaa ya kuuza karibuni. SoftBank ya Japani ikaichukua mwaka 2017. Mwaka 2021 Hyundai ikamalizia kununua asilimia 80, kwa hesabu iliyoipa kampuni nzima thamani ya dola bilioni 1.1. Jiulize: meneja wa kuajiriwa, anayepimwa kwa mauzo ya mwaka, angeilea roboti inayojifunza kutoanguka kwa robo karne? Angeifunga mwaka wa tatu, na kwa mizania yake angekuwa sahihi. Thamani iliyolipwa baadaye ilitokana na ule ukaidi wa profesa.

Aliyempokea Raibert ni Robert Playter. Huyu hakuokotwa sokoni. Alikuwa mwanafunzi wake MIT, mwanamichezo wa jimnastiki aliyeandika tasnifu ya udaktari kuhusu namna mwili unavyopinduka hewani, na alikuwa ndani ya kampuni tangu miaka ya tisini. Chini yake, Juni 2020, Spot iliwekwa sokoni Marekani kwa dola 74,500. Inatumia umeme, haipigi kelele za injini, na betri yake hudumu kama dakika 90. Kumbe maswali yalikuwa yamegeuka: vipuri vitatoka wapi, nani atamfundisha mteja, na tufanye nini akitaka kuifunga bunduki mgongoni? Wenye nadharia ya meneja wasishangilie upesi, maana safari ya kumfikishia mteja Spot ilianza Raibert akiwa bado kitini.

Uingereza wapo waliogawana kazi. YASA ilizaliwa Oxford mwaka 2009 kutokana na utafiti wa Tim Woolmer wa mota ya umeme iliyo bapa, tuseme kama chapati zilizopangwa, ambayo baadaye iliingia kwenye magari ya Ferrari. Mercedes-Benz ilipoinunua mwaka 2021, Woolmer alikuwa mkuu wa teknolojia, na cheo cha mtendaji mkuu kilikuwa kwa mwingine. Mpango huu naupenda, lakini unahitaji hisa za kumvutia huyo mwingine. Ripoti iliyoandaliwa kwa serikali ya Uingereza mwaka 2023 ilivihimiza vyuo kupunguza fungu lao la hisa katika kampuni hizi, asilimia 10 au chini ya hapo kwa zile zisizotegemea sana hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi. Chuo kikijikatia nusu ya keki, kiongozi mzuri atakuja kula makombo?

Kwetu Arusha yupo Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, aliyeshinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya uhandisi Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa kichujio cha maji. Kichujio hurekebishwa kulingana na maji ya mahali, na wanaoishi chini ya Mlima Meru wanajua floridi inavyoyafanya meno kuwa ya kahawia. Kampuni yake, Gongali Model, ilikodisha vichujio kwa wauza maji wadogo. Akili hiyo ni ya kibiashara kabisa, na haikusubiri meneja wa kuletwa.

Kwangu, wakati wa kupisha hufika mteja anaporudi kutaka kilekile, si kipya. Kabla ya hapo, kumwondoa mvumbuzi ni kuondoa kichwa. Baada ya hapo, kumng'ang'aniza kunamtesa hata yeye. Raibert alibaki mwenyekiti kwanza, na mwaka 2022 Hyundai ikatoa zaidi ya dola milioni 400 kuanzisha taasisi ya utafiti aiongoze. Amepata maabara tena.